Sufuria Ndani ya Oveni

Wilibrodi hakuwa na cheti cha chuo chochote cha hoteli. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala shati lisilonuka hamira, wala mtoto aliyebaki Karatu. Tangu mvua za vuli hakuwa na mke. Na chozi nalo hakuwa nalo: siku ya maziko, kule Endabash, alisimama kama nguzo ya uzio, watu wakasema mzee kajikaza. Hakujikaza. Hakusikia kitu.

Kilichomwamsha kila siku ni mkate. Alikuwa mwokaji wa loji moja juu kidogo ya mji, na wageni wanaoteremka kreta kutazama wanyama huondoka alfajiri na chakula chao kwenye maboksi. Mkate ukichelewa, magari yote yanachelewa. Sasa, tangu arudi kutoka maziko, oveni ya umeme ilikuwa imeota ugonjwa: akiiwasha alfajiri inalia, kioo kinaandika E5, kisha inajizima.

Fundi Parmuat, kijana wa Kimaasai aliyesomea umeme Arusha, alikwisha kuja mara mbili. Zote alifika mchana, akafungua mgongo wa oveni, akabadilisha kipimajoto, ikawaka vizuri. Kesho yake alfajiri, E5.

"Fundi," alisema Madam Germana, msimamizi wa loji, "hiyo E5 yako umeipa mkataba wa kudumu?"

"Madam, kipimajoto ni kipya kabisa."

"Kipya kama meno ya mzee Wilibrodi. Sikilizeni. Mwenye loji amepiga simu kutoka Arusha. Ikitokea tena, oveni inang'olewa, mkate tutanunua mjini. Wewe fundi hukanyagi tena hapa. Na mzee..."

"Nitakwenda nyumbani," Wilibrodi akammalizia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Aliijua nyumba ile: kitanda, kiti, ukuta. Mikono yake ingeshika nini humo, hakujua.

Kesho yake Parmuat akafika kabla kuku hawajashuka, ili aione oveni haijaguswa. Akafungua mlango. Kuta za ndani zilikuwa zinatiririka maji. Katikati ilikaa sufuria, kifuniko kimeegama upande.

"Mzee, hii nini?"

"Makande."

"Nani anapika makande kwenye oveni ya bosi?"

"Hayapikwi. Nikimaliza mikate ya jioni moto unabaki. Moto wa bure hautupwi. Nayaacha yaivie humo."

"Ya nani?"

"Ya Penina."

Parmuat alikuwa ameinua bisibisi. Akaishusha polepole.

Miaka yote Penina, mke wa mzee, alifua shuka za loji, na jioni aliwawekea wageni chupa za mpira za maji ya moto vitandani, maana baridi ya huku haina huruma. Akimaliza hupitia jikoni, huitoa sufuria, hula akiwa amekaa juu ya gunia la unga, huiosha, huifudikiza. Alfajiri mumewe huikuta safi. Siku hizi aliikuta imejaa. Aliwapakulia wafagiaji, wakala, wakashukuru, na jioni mkono wake ukaijaza tena, kama mkono unavyofunga mlango bila kuambiwa.

"Mama alikuwa anaitoa mapema," Parmuat alisema. "Sasa inalala humo. Mvuke unageuka maji, unaingia kwenye maungio ya waya. Mimi nikija mchana, pameshakauka."

"Basi ni mimi."

"Ni mvuke, mzee." Alikuwa tayari anayafuta maungio kwa kitambaa. "Usiiweke tena, tumemaliza. Madam nitamwambia nilifunga kipimajoto vibaya."

"Ili uitwe tapeli mji mzima?"

"Sisi Wamaasai tumeitwa mengi."

"Si mbele yangu."

Siku hiyo mkate uliumuka vizuri. Aliutazama kama mkate wa mtu mwingine. Wageni walipoondoka, akaenda ofisini kuomba karatasi.

"Simu si ipo, mzee?" Madam Germana alishangaa.

"Kwenye simu nitakatizwa."

Kuandika alijifunza ukubwani, na herufi zake zilisimama wima kama watoto wa shule mstarini. Alimwandikia mwenye loji kwamba fundi hana kosa na kazi yake ni safi; kwamba oveni ilisumbuliwa na sufuria ya makande ambayo yeye, Wilibrodi, alikuwa akimwekea mke wangu. Akasoma. Akafuta mke wangu, akaandika mke wake. Kisha, kabla ya neno mke, akapenyeza neno ambalo kinywa chake kilikuwa hakijalitamka hata mara moja: marehemu. Akamalizia kwamba akiambiwa aoke ataoka, akiambiwa aondoke ataondoka.

Madam Germana alisoma amesimama, asifanye utani wowote.

"Mzee, unajifukuza kwa mkono wako mwenyewe. Oveni si imepona? Nani angejua?"

"Huenda nikafukuzwa," alisema mzee. "Nipe bahasha, mama."

Akalamba gundi. Akaibana bahasha kwa kiganja kile kizito cha kukandia unga mpaka ikashika, akatoka nayo uani, akampa dereva aliyekuwa anawasha gari kwenda Arusha kupokea wageni.