Kijiji Kisicho na Wezi

Bertila alikuwa akishona ukosi wa shati la shule kwa cherehani kengele ya mlangoni ilipolia, na makopo matatu ya maziwa yakaporomoka kwa kishindo. Cherehani hiyo ya mkono ndiyo iliyomlisha tangu afiwe na mumewe. Mwezi uliopita wezi waliijia, wakakimbizwa na kelele hizo hizo. Kengele kuukuu ya baiskeli, waya na makopo: Mfaume, fundi baiskeli wa Tabora mjini, alimfungia kwa kuku mmoja tu. Kufuli hazikuonekana dukani tangu mwaka jana.

Safari hii hakuwa mwizi. Alikuwa Masolwa, katibu wa kijiji, waya umemnasa mguu.

"Ndugu Bertila, toa takataka hizi! Kesho wageni wa mkoani wanakuja kukagua."

"Wakague. Kengele inawauma nini?"

"Wakiiona watasema tuna wezi. Ripoti yetu imeandika kijiji cha Ujamaa hakina wezi."

"Na mbuzi wa mzee Lugembe?"

"Wamepotea."

"Wote sita? Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndugu katibu. Basi nipeni kufuli."

"Zimekuja mbili tu."

"Ziko wapi?"

Masolwa akakohoa. Zote mbili zilikuwa kwenye mlango wa ofisi yake, moja juu, nyingine chini, na kijiji kizima kilizijua.

"Basi cherehani yangu ikalale huko."

"Ofisi ya umma si ghala la mtu binafsi." Akakata waya, akaitia kengele mfukoni, akaenda zake.

Bertila alikasirika. Mwizi hasomi ripoti! Kesho yake hakuthubutu kuiacha cherehani nyumbani. Akajitwika hadi kwenye mkutano wa wageni, akaketi nayo mapajani, mbele kabisa, akimwomba Mungu wamuulize kwa nini.

Mgeni mkuu akamwona kweli.

"Mnaona!" akawaambia watu. "Mama huyu hata mkutanoni amekuja na zana yake ya kazi! Huo ndio moyo wa Ujamaa!"

"Ndugu mgeni, nimekuja nayo kwa sababu mlango wangu..."

Masolwa alikwisha kuanzisha wimbo. Watu wakaitikia, wengine wakicheka, maana walijua. Wimbo ulipokwisha, Bertila akatunukiwa jembe jipya kwa uchapakazi wake, na mgeni akampa mkono.

Akarudi nalo nyumbani, cherehani kichwani. Mlango ulikuwa ule ule, na sasa alikuwa na vitu viwili vya kuibiwa.