Anayechagua Ndiye wa Kwanza Kupigwa

Siku upanga ulipochomoka kwenye mpini na kumchana mumewe juu ya jicho, mtunza vifaa wa kikundi cha maigizo hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliokota kipande kilichoanguka, akakigeuzageuza, akauliza, "Hivi hiki kimetokaje?" Watu wakaguna. Mume anavuja damu, mke anahoji chuma. Lakini ndivyo alivyoumbwa, jambo asilolielewa humnyima usingizi.

Aliyeushika upanga ule alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Kidonda cha kaka kilipona. Cha mdogo mtu kikagoma. Tangu siku hiyo, wakifika pale pa kupigana, alishusha mkono kama anafukuza nzi, na kaka naye akaacha kabisa kuja mazoezini. Mwongozaji hakumung'unya maneno: mchezo ni wa ndugu wawili wanaopigana, na wasipopigana watu wakaamini, nafasi zao watapewa wengine.

Mtunza vifaa akaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma.

"Nataka panga zisizokata, zisizovunjika na zisizonifilisi."

"Dada, hapo ni kama kutaka mchumba tajiri, mzuri na mpole. Chagua mawili."

"Yote matatu. Lete tuone."

Upanga wa mbao ulipasuka mapema, wala haukuwa na la kujitetea. Wa aluminiamu ulikuwa mwepesi, rahisi, unang'aa kuliko uso wa bwana harusi. Wakaugonganisha na chuma mara kadhaa, kisha mama yule akapitisha soksi kuukuu kwenye ukingo wake. Nyuzi zikanasa. Meno yalikuwa yameshaota, na meno ya namna hiyo hula uso wa mtu.

Wa tatu ulichongwa kutoka kwenye springi ya lori, mweusi, hauna mvuto hata kidogo. Fundi akaukunja, ukarudi wenyewe. Soksi ikateleza mpaka nchani, na ncha yenyewe ilikuwa butu kama kidole gumba.

"Vua mpini," mama akasema.

Fundi akanung'unika, akavua. Chuma kilikuwa kimoja, kimepita ndani mpaka mwisho. Ule uliomchana mumewe ulikuwa umeshikizwa kwa tone moja la kuchomelea. Kumbe. Mama akafurahi mpaka akajionea haya.

"Ila mzito. Utawachosha mikono."

Fundi akafunga donge la chuma kwenye kitako cha mpini. Ajabu, ukawa mwepesi.

"Umeongeza uzito, halafu umepungua?"

"Haujapungua. Umehamia kiganjani."

Akamwambia alitoe donge, alirudishe, alitoe tena. Fundi wa watu akatii. Bei ilizidi ya aluminiamu, lakini aluminiamu angeinunua kila onyesho, na rahisi huvunja upishi. Akachukua jozi.

Sasa, kikundi kile kilikuwa na desturi yake: anayechagua panga ndiye wa kwanza kupigwa. Akapanda jukwaani, akashika mmoja, wa pili akampa shemeji yake.

"Shemeji, asimame mtu mwingine."

"Nani? Aliyechagua ni mimi."

"Nikikuumiza na wewe, kaka nitamwambia nini?"

"Piga. Nataka kujua."

Pigo la kwanza likagusa tu. "Hiyo ni hodi," akasema. "Ingia ndani."

La pili lilitua sawasawa. Chuma kikalia ukumbi mzima, kikapinda, kikanyooka, na mkono wa mama yule ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Alifurahi. La tatu likaja, na la nne, na shemeji alikuwa anapiga huku analia, bila kujificha.

Mkono mwingine ukamshika mama kifundo cha mkono, ukauchukua upanga wake taratibu. Alikuwa mumewe. Hakujua aliingia saa ngapi.

"Nipishe, mama watoto."

Mdogo mtu alipomwona, akashusha upanga wake chini.

"Kaka, siwezi."

"Unaweza. Nimekuona." Kaka akajiweka tayari, kovu lake wazi kwenye taa. "Piga kama hunipendi."

Mdogo mtu akafuta macho kwa kiwiko, akainua upanga, akapiga.