Ng'ombe wa Arobaini ya Mama

Watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo wanasema Mwanamkuu ana mdomo. Ninao, na sijauazima kwa mtu. Niacheni niutumie.

Mama yetu, Bi Mwanahawa, alifariki mwaka ule wa sitini na tano, uchaguzi ukiwa mlangoni. Alikuwa muuza maandazi tangu sijazaliwa, na hakupita mtu mbele ya jiko lake akaondoka na njaa, awe na hela asiwe nayo. Kabla hajakata roho alinishika mkono akaniambia: "Arobaini yangu watu wale, washibe. Usinitie aibu." Hakuomba kingine.

Nina ndugu mmoja tu, Selemani, na huyo ndiye mwenyekiti wa chama hapa kwetu. Mwaka ule kichwani mwake kulikuwa na jambo moja: mali za wagombea. Chama kilikwisha kusema wagombea wawili wapande gari moja, wasimame jukwaa moja, mmoja alama yake jembe na mwenzake nyumba, na mtu asitoe chake mfukoni kutafuta kura. Selemani akaona haitoshi. Akataka iandikwe kabisa kwamba mgombea atakayetoa hata kikombe cha kahawa jina lake lifutwe. Akapanda baiskeli kwenda kuwaeleza watu, Sikonge mpaka Ipole, kila penye watu watatu anasimama. Na kusema anajua, simnyimi. Aliwaambia, mtu akikulisha ili umpe kura, siku ukiwa na shida utamdai nini? Atakujibu ulishakula.

Sawa. Lakini mtoto wa kiume wa Bi Mwanahawa ni mmoja, na mtoto huyo yuko Ipole anahutubia warina asali. Mimi kaniachia mbuzi mmoja na pishi mbili za mchele, kwa watu zaidi ya mia. Nilipomwambia havitoshi, alinijibu tutaangalia akirudi. Tutaangalia nini, masufuria matupu?

Siku mbili kabla ya arobaini likasimama lori la Lukumani. Lukumani ndiye yule wa alama ya nyumba, tajiri wa malori ya kubeba tumbaku. Aliteremka mwenyewe na kanzu yake nyeupe, akaniamkia kwa adabu zote. Akasema Bi Mwanahawa ni mama yake pia, alimlisha maandazi alipokuwa hana mbele wala nyuma, na huyu ng'ombe na magunia mawili ya mchele ni ubani wake. Mnajua ubani ulivyo kwetu. Mtu anakutilia mkononi kimya kimya, unapokea, haurudishwi, maana ukiurudisha umemvunjia heshima maiti. Na aliyeutoa hautaji mahali popote. Nikapokea. Najua mnachofikiri. Kwamba ana uchaguzi nilikuwa najua, mimi si mtoto. Lakini nilikuwa na hasira na Selemani, na mkono wa mama nilikuwa bado nausikia kwenye mkono wangu. Nikapokea na ahsante nikasema.

Siku yenyewe wanawake tuko uani na masufuria matano, wanaume mbele kwenye mikeka. Selemani akatokea adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope. Nyuma yake na baiskeli nyingine alikuja Nikolaus, mrina asali wa Ipole, Mkristo wa watu, kaja kumzika mama wa rafiki yake kwa kuchelewa. Huyu Nikolaus na wenzake, Lukumani alitaka kuwabebea asali yao bure kwa lori mpaka mjini. Wakakataa, kwa sababu mwenyekiti amesema. Wakaibeba kwa baiskeli, siku mbili njiani. Nikolaus akanipa debe dogo la asali mikononi, akainamisha kichwa, akaenda kukaa mkekani.

Selemani aliposikia harufu ya pilau akaja uani. Akauliza nyama yote hii imetoka wapi. Nikamwambia ni ubani wa Lukumani. Akabadilika rangi, akaanza kupandisha sauti, nami nikamuuliza, wewe umeleta nini? Akanong'ona kwamba basi, ubani haurudishwi, akatoka. Nilifurahi kuona nimemweza, Mungu anisamehe.

Dua ikasomwa. Masinia yakatoka, birika la kunawia likaanza kupita. Hapo ndipo Lukumani, aliyekuwa kakaa mkekani na wageni wengine, aliposimama, bila kuombwa na mtu, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu," alisema, "mwenyekiti wetu amezunguka nchi nzima akisema cha mgombea hakiliwi. Huyu ng'ombe nimemtoa mimi. Kama kwa mwenyekiti mwenyewe analiwa, nyinyi vyangu mnakatazwa na nani?"

Wako waliocheka. Nikolaus hakucheka. Alimtazama Selemani, akamtazama, kisha akachukua kofia yake akaivaa. Na mimi kutoka nyuma ya pazia nilimtazama ndugu yangu nikingoja afungue kinywa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kunawa, unadondosha maji, umefika ukingoni mwa sinia.

Sikumbuki nilivyotoka. Najua nilipita katikati ya wanaume na upawa mkononi, na mwalimu aliyesoma dua akanipisha.

"Lukumani," nilimwambia, "ubani hautajwi. Umeutaja, na umeutajia kura, juu ya mama yangu. Basi si ubani tena. Chukua vitu vyako."

Akajaribu kucheka. Nikainua sinia la mbele yake mwenyewe nikalipeleka kwenye lori lake lililosimama nje. Nikolaus akainuka akachukua la pili. Kisha vijana wengine. Yakapanda masinia, yakapanda masufuria na moto wake, gunia la mchele lililobaki, kichwa cha ng'ombe, ngozi, kwato. Lukumani akaondoka na pilau linamwagika barabara nzima.

Halafu? Halafu hakuna. Mbuzi mmoja, vipande kama vya kuonjea, na wali wa pishi mbili, konzi konzi. Viazi vya kuchemsha, kahawa, na asali ya Nikolaus, kila mtu kijiko. Watoto walilia njaa kwenye arobaini ya muuza maandazi. Shangazi yangu alikunja kanga yake akaniambia nimemzika mama mara ya pili, na mpaka leo hanisemeshi.

Haya. Wiki mbili baadaye nikasikia habari za Selemani mikutanoni. Sikonge kawaambia, nyumbani kwangu tulimrudisha ng'ombe wa mgombea. Ipole hivyo hivyo. Tulimrudisha, na watu wanapiga makofi. Nilisikia damu inanichemka. Tulimrudisha nani na nani?

Alipokuja kuhutubia Ng'ambo, nilikwenda mapema nikakaa mbele kabisa. Nilibeba birika la mama na beseni, nikaviweka chini miguuni mwangu. Selemani akasema maneno yake yote mazuri, na yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akafika kwa ng'ombe. Akasema, "Nyumbani kwangu..." Kisha akaliona birika.

Watu wakaanza kugeuka kumtafuta anayemtazama.

"Nyumbani kwangu," alisema, "mimi nilikuwa nimekwisha kunawa. Aliyemrudisha ni dada yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Selemani akafunga daftari lake, akateremka, akaja akaniamkia shikamoo mbele ya watu wote. Nikaitika marahaba, maana ni mdogo wangu.

Nikabeba birika nikarudi nyumbani, na njia nzima nililia kwa hasira. Mama angekuwepo asingeniuliza nani alisema nini mkutanoni. Angeniuliza watu walikula nini.