Bwana Rula Apokea Wake za Marais

Rais mpya aliapishwa Jumatatu. Jumanne alfajiri mke wake alivaa sare yake nyeupe, akafunga kamba za raba, akaenda kazini. Alikuwa mkunga katika hospitali ya serikali, msimamizi wa wodi ya wazazi, na wiki ile alikuwa zamu ya asubuhi.

Aliyepandwa na presha kwa habari hiyo hakuwa Rais. Rais alikuwa ameishi na yule mama miaka ishirini na sita na alishajua pa kubishana na pa kunyamaza. Aliyepandwa na presha ni Mkuu wa Itifaki, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na mitano ambaye watumishi wote wa Ikulu, wa bustanini hadi wa jikoni, walimwita Bwana Rula. Jina alilipata kihalali. Mfuko wa ndani wa koti lake haukukosa rula ya chuma, na kabla ya kila mlo wa wageni aliichomoa akapima nafasi kati ya uma na sahani, kati ya sahani na ukingo wa meza, na siku moja, wahudumu wanaapa, kati ya pua ya balozi na glasi yake.

Bwana Rula aliingia Ikulu akiwa karani kijana, na tangu hapo alikuwa amewaona marais watatu na, kama alivyopenda kujisifu, "akina mama watano." Rais wa kwanza alikuwa na mke mmoja tu, aliyesimama mlangoni kupeana mikono kwa miaka kumi na tisa mpaka bega lake la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Wa pili aliachana na mkewe katikati ya muhula, basi binti yake akatolewa chuo kikuu, mwaka wa pili, aje kumimina chai. Wa tatu hakuwahi kuoa. Alimleta shangazi yake, ambaye sikio moja halikusikia na la pili lilisikia likitaka, na ambaye kwa hiyo alikubaliana na kila mgeni kwa kila jambo. Kwa maoni ya Bwana Rula, Ikulu haikupata mwenyeji bora kuliko yule. Alipofariki, nafasi ilichukuliwa na mpwa wa Rais, msichana mpole ambaye hakuna anayekumbuka kama aliwahi kusema neno.

Picha za wote watano zilitundikwa kwenye korido, wamependeza, midomo imefumbwa. Bwana Rula alishachagua msumari wa picha ya sita.

Alhamisi alibeba faili lake akaenda hospitalini. Alimkuta Mkunga mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, glavu mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Baba wewe, mimi na wewe nani mkubwa? Shikamoo natoa mimi. Vaa hivi kwanza," akampa vifuniko vya plastiki vya viatu. "Haya, sema haraka. Nina mmoja humu ndani hachelewi."

Bwana Rula alieleza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, maana kifuniko kilikataa kuingia. Baada ya siku kumi na moja, Rais wa nchi jirani angekuja kwa ziara ya siku mbili, pamoja na mke wake. Mke wa Rais hupokewa na mke wa Rais. Ndivyo ilivyo.

"Kwa sheria gani?" Mkunga aliuliza.

"Si sheria, Mama. Ni utaratibu."

"Kuna mshahara?"

"Hapana, Mama."

"Likizo?"

Bwana Rula alitabasamu kwa upole, kama mtu aliyeulizwa na mtoto.

"Na akiugua je?"

"Hakuna aliyewahi kuugua, Mama. Mama wa kwanza alipokea wafalme wawili akiwa na homa ya malaria, na hakuna aliyejua ila mimi niliyemshikia mkoba."

"Hiyo kazi yenyewe ni nini hasa?"

Hapo ndipo Bwana Rula alipojichimbia shimo. "Mama, kusema kweli hata kazi si kazi. Ni kusimama na kutabasamu tu. Mtu yeyote anaweza."

Kutoka nyuma ya pazia, sauti ya mwanamke aliyekuwa katikati ya uchungu ilipaa: "Basi si usimame wewe!"

"Umemsikia," alisema Mkunga akivuta glavu zake. "Tena huyo ni mtu mwenye haraka zake, hana muda wa mzaha." Akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Rais alipopewa taarifa alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akasema kuna dada yake mkubwa.

Dada Mkubwa hakuhitaji kuitwa mara mbili. Kusema kweli hakuitwa hata mara moja. Alikuwa tayari chumba cha wageni tangu siku ya kuapishwa, na masanduku manne. Bwana Rula alimfundisha siku tatu namna ya kushika kikombe, kisha akaandaa chai ya majaribio kwa wake za mabalozi kumi na wawili. Kwa dakika kumi mambo yalikwenda vizuri. Dakika ya kumi na moja Dada Mkubwa aliwasimulia jinsi mheshimiwa alivyokuwa akikojoa kitandani hadi darasa la tatu, na godoro lilivyoanikwa juani watu wote wakaona. Kisha akamgeukia mke wa balozi mmoja, mama wa makamo, akamuuliza kwa huruma kubwa: "Na wewe mwanangu, watoto hukujaliwa, au ni yeye?"

Kesho yake habari ya godoro ilikuwa gazetini, na mchoro juu. Masanduku manne yalipakiwa kabla ya saa nne.

Zilibaki siku nne. Bwana Rula alitaja mabinamu, akataja mawifi, akataja hata mke wa waziri mmoja mwenye kimo kizuri. Rais alikuwa akisoma gazeti na hakuinua macho.

"Mke wangu anasema uliambiwa hospitalini usimame wewe."

"Mheshimiwa, yule alikuwa mgonjwa."

"Alipata mapacha salama. Utasimama wewe."

Ndege ya wageni ilitua saa tatu asubuhi. Rais alimkumbatia Rais mwenzake, mizinga ikalia, na wakubwa wawili wakaondoka kwenye zulia wakiongea kwa mikono. Kisha mke wa Rais mgeni akashuka ngazi, mama mrefu mwenye sauti nzito, akamkuta chini Bwana Rula ameshika shada la maua kifuani kama bibi harusi.

"Mwenyeji wangu yuko wapi?" aliuliza yule mama.

"Ndiye mimi, Mama."

Alimtazama, akayatazama maua, akapokea. "Haya. Twende."

Ratiba ya akina mama Bwana Rula aliiandika yeye mwenyewe, na kwa miaka mingi ilibadilishwa tarehe tu. Kituo cha watoto yatima. Kupanda mti. Maonyesho ya vitambaa vya kudarizi, kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa kusimama. Chakula cha mchana ambapo palikuwa na mambo matatu yasiyozungumzwa: siasa, fedha na waume. Hakuwahi kuifuata mwenyewe kuanzia juu hadi chini. Siku zote alitangulia kwa gari akahakikishe viti vimepangwa, na alipofika alikaa.

Njiani mgeni alionyesha dirishani. "Lile ndilo daraja jipya? Mimi ni mhandisi wa madaraja. Nimesoma michoro yake yote. Ningependa kuliona kwa karibu."

"Daraja liko kwenye ratiba ya waheshimiwa, Mama. Wao ndio wanaokwenda huko. Sisi tunakwenda kwenye vitambaa."

"Sisi?"

"Sisi," alisema Bwana Rula, na neno lilipomtoka akalisikia.

Mume wa mgeni, kwa taarifa, alikuwa mwalimu wa muziki kabla ya siasa. Alipelekwa darajani, akaelezwa habari za nguzo, akapiga miayo.

Kwenye vitambaa, saa ya kwanza, Bwana Rula alisifu maua yaliyodariziwa. Saa ya pili alisifu ndege. Visigino viliwaka moto, mgongo ukakaza, na mashavu, kwa kutabasamu bila kupumzika, yakaanza kurukaruka yenyewe kama jicho lenye vumbi. Akina mama mia moja walitaka kumpa mkono, na kila mmoja alikuwa na jina, mtoto na ugonjwa wa kukumbukwa.

"Weka ulimi nyuma ya meno ya juu," mgeni alimnong'oneza bila kugeuza kichwa. "Tabasamu halitatetemeka. Na uzito hamishia mguu wa kushoto, halafu wa kulia, polepole. Wakiona unayumba wataandika umelewa."

"Nani alikufundisha, Mama?"

"Walioandika nimelewa."

Asubuhi ya siku ya tatu, wageni wakiwa wameshaondoka, Bwana Rula alikunywa chai nyumbani, miguu kwenye beseni. Mke wake alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, na watu wote, pamoja na mumewe, walimwita Mwalimu. Alifungua gazeti ukurasa wa mitindo, ule uliokuwa ukichambua nguo za akina mama wa Ikulu tangu wa kwanza hadi wa tano.

"Wanasema suti ya kijivu haikufai rangi yako," alisoma. "Wanasema koti limekubana kiunoni, na wanajiuliza kama umenenepa au una mawazo. Huyu hapa anasema utabasamu zaidi. Huyu wa chini anasema unatabasamu mno. Kuna picha ya viatu vyako."

"Viatu vyangu vina nini?"

"Wamesema vya mwaka jana."

Bwana Rula hakulala mchana huo kama alivyozoea. Aliketi akaandika ripoti ya kurasa kumi na nane kwa Baraza la Mawaziri. Alieleza kwamba kumpokea mgeni ni taaluma. Alieleza miguu, mgongo, kumbukumbu ya majina mia mbili, hekima ya kujua nani amegombana na nani, na dhiki ya kunyamaza huku mtu asiyejua kitu akikueleza jambo unalolijua. Ilikuwa ripoti nzuri, na kila neno lake lilikuwa kweli.

Mawaziri waliguswa. Watu ambao hawakuwahi kuuliza bega la Mama wa kwanza lilishukaje walisoma habari za visigino vya Bwana Rula wakatikisa vichwa. "Mtu mzima, baba wa familia, asimame kutwa nzima!" alisema Waziri wa Kazi, na sauti yake ilikatika. Hazikupita wiki tano, cheo kikaanzishwa: Mwenyeji Mkuu wa Taifa, hadhi ya naibu waziri, mshahara, nyumba, gari, na mtaalamu wa kuchua miguu mara mbili kwa wiki.

Ili haki ionekane, nafasi ilitangazwa. Shahada ya pili, uzoefu wa miaka kumi. Aliomba pia binti wa Rais wa pili, sasa mama wa miaka arobaini na kitu. Aliandika kwamba alimimina chai ya taifa miaka mitatu na nusu na kwa sababu hiyo hakurudi chuoni. Alijibiwa kwa barua ya heshima kwamba uzoefu wake ni wa kifamilia na shahada hana. Bwana Rula aliingia kwenye usaili saa nne na dakika tano, akatoka saa nne na dakika kumi na mbili akiwa Mwenyeji Mkuu.

Mkunga alilisoma tangazo la uteuzi wakati wa mapumziko, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Jioni alisema mezani, nyumbani, mumewe akiwa anamega chakula.

"Kwa hiyo kumbe ilikuwa kazi."

Rais aliomba chumvi.

"Miaka yote hiyo, wanawake watano, ilikuwa kazi, na hakuna aliyeiona mpaka alipoumwa miguu mwanamume."

"Mke wangu, chumvi iko upande wako," alisema Rais.

Alimpa. Kisha akaenda kulala mapema, kwa kuwa kesho alikuwa na zamu.

Mwenyeji Mkuu naye alipewa kanuni za ofisi yake mpya, kijitabu chenye jalada la bluu. Kanuni ya saba ilisema: "Katika hafla zote Mwenyeji Mkuu ataambatana na mwenzi wake, ambaye atashirikiana naye kuwapokea wageni." Malipo ya mwenzi hayakutajwa. Bwana Rula alikipeleka kijitabu nyumbani, akakiweka mbele ya mkewe, katikati ya rundo la madaftari aliyokuwa akisahihisha.

"Ni Alhamisi," alisema. "Saa tano asubuhi. Vaa ile ya bluu."

Mwalimu alisoma kanuni ya saba mara mbili. Alichukua kalamu nyekundu, akazungushia duara makosa mawili ya sarufi kwenye kanuni ya nane, pembeni akaandika alama tatu kati ya kumi, akakirudisha kijitabu kwa mwenyewe na kuvuta daftari lililofuata.

"Mwalimu," alianza Bwana Rula.

"Alhamisi saa tano nina kidato cha tatu. Tumefika kwenye milinganyo, na hawajaielewa."

Alhamisi Mwenyeji Mkuu wa Taifa alisimama mlangoni pa ukumbi, ulimi nyuma ya meno ya juu. Upande wake wa kushoto kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, kwa kuwa ratiba ilishachapishwa "pamoja na mkewe." Wageni walikuwa themanini na watatu, na kila aliyempa mkono alitazama ile nafasi akauliza mke yuko wapi.

"Yuko darasani," alijibu.

Kwa wageni ishirini wa mwanzo alijibu kwa aibu, kwa ishirini waliofuata kwa hasira. Alipofika wa sitini, amehamishia uzito mguu wa kulia, alikuwa anamwonea mkewe wivu.