Maji ya Mkandaa Ndani ya Bomba

Mwaka 1974, jua lilipokausha visima vingi nje ya Bagamoyo, injini ya pampu pekee iliyobaki kijijini ilianza kuchemka kupita kiasi. Chumvi ya chokaa ilikuwa imeganda ndani ya bomba la chuma lililopoza injini, na bomba jingine halikupatikana hata Dar es Salaam. Muhidini, fundi wa pampu, alijua asidi ingeiyeyusha chumvi ile. Alijua pia kwamba asidi haichagui: ikishamaliza chumvi, hula chuma.

Mdogo wake, Ashatu, alifundisha kemia. Alichemsha magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, yale wanawake wanayotumia kutia rangi ukili wa mikeka, akachanganya maji yake mekundu na asidi, akatumbukiza msumari. Mwingine akautia kwenye asidi tupu. Kulipokucha, huu wa pili ulikuwa umekonda kama sindano. Wa mkandaa ulikuwa mzima.

"Kaka, tujaribu," alisema.

"Bomba likitoboka, zahanati itapata wapi maji? Kibibi yuko kule anasubiri kujifungua."

Kibibi alikuwa mke wa Muhidini. Ashatu alimwonyesha tena ule msumari mzima. Injini isingeweza kuendelea vile, na Muhidini akakubali.

Walipomimina mchanganyiko, bomba lilitoa sauti ya kuchemka na povu likafurika mdomoni mwake. Ashatu aligusa chuma. Kilikuwa cha moto. Labda asidi ilikuwa imeanza kula chuma. Msumari wake ulikuwa mpya. Bomba hili lilikuwa limeliwa na kutu miaka mingi.

"Kaka, mwaga!"

"Chumvi bado ipo."

"Mwaga, nakuomba! Sikupima chuma chenye kutu."

Muhidini alimwaga, wakasuuza bomba kwa maji mengi, kisha akawasha injini. Karibu na kiungio likatokea tone, halafu jingine. Ashatu akajiziba mdomo kwa kanga. Muhidini alizima, akafunga mahali pale kwa mpira wa baiskeli na waya, akawasha tena.

Injini haikuchemka. Maji yalipanda tangini. Ashatu alikaa chini, akipapasa bomba zima kwa vidole, asiamini, mpaka muuguzi alipokuja kusema mabomba ya zahanati yanatoa maji na Kibibi ameanza uchungu.

"Nenda kwa wifi yako," Muhidini alisema. "Mimi nitabaki hapa."

"Lile tundu je?"

"Nitaliangalia."

Ashatu aliondoka mbiombio, akigeuka nyuma kila hatua chache kusikiliza kama injini bado inaunguruma.