Dole Gumba la Mama

Saa mbili asubuhi Mfuaji aliweka kisahani cha sabuni kwenye dirisha namba nne, mbele ya karani wa vyeti vya kuzaliwa. Ndani mlikuwa na sponji iliyolowa, na juu ya sponji binti yake: kijani, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, umbo la kopa ya karata, ukubwa wa ukucha.

"Mama mzazi wa mjukuu wangu huyu hapa," alisema. "Uliniambia aje mwenyewe."

Karani alisogeza feni isimkaushe, akauliza baba yuko wapi. Mfuaji akajibu kwamba baba aliogelea kutoka kigae cha pili cha sakafu, siku paa la chumba cha kufulia lilipovuja, na hakuonekana tena. Karani akaandika: hajulikani. Wa namna hiyo alishawaandika wengi.

"Sasa mama atie dole gumba."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ukoo wao ulikwenda kama makangaga, ile mimea ya penye unyevu isiyotoa maua: kizazi kimoja kirefu, kinachofuata kidogo, hakina mikono wala miguu, kisha kirefu tena. Mfuaji alikuwa mrefu. Kila mvua vidoti vya kahawia vilimtoka kwapani, akavipuliza. Vingi vilipotea, kimoja kiliangukia penye unyevu kikawa huyu binti. Mama yake Mfuaji naye alikuwa mdogo hivyo, hakuwahi kutoka nyuma ya tangi la maji, kwa hiyo Mfuaji hakupata cheti, na miaka thelathini alifua mashuka ya hospitali kama kibarua. Mjukuu alikuwa na akili kama wembe, lakini shule ilishasema bila cheti haingii darasani. Mfuaji aliapa huyu hatafua shuka la mtu, ng'o.

Tena muda ulikuwa mfupi. Mjukuu alichipua mwilini mwa mama yake, na kadiri alivyorefuka, mama alinyauka. Ndivyo wanavyozaa.

Wiki tatu walipigwa danadana. Karani alitaka barua kwamba mama hana kidole, kisha barua ya kuthibitisha barua, kisha mhuri. Mfuaji alileta vyote. Mwishowe akamlaza binti yake kwenye wino, taratibu, kisha kwenye fomu. Ikatoka kopa safi.

"Bibi, hili si dole."

"Kakupa mwili mzima, mwanangu, wewe unadai kidole?"

"Fomu sikuitunga mimi."

Ijumaa binti alikuwa kahawia. Jumapili wakamzika kwenye kopo la maua. Jumatatu Mfuaji na mjukuu walikuwa kwenye foleni kabla ofisi haijafunguliwa. Karani alitoa pole ya dhati, akasema sasa kinatakiwa cheti cha kifo, dirisha namba tano. Namba tano wakasema hakitoki bila cheti cha kuzaliwa cha marehemu, dirisha namba nne.

Mfuaji akaenda mwisho wa foleni. Mjukuu, ambaye shingo yake ilikuwa bado imejikunja kama ngumi, akauliza wao ni wa ngapi.

"Wa ishirini na sita. Simama wima wakuone."

Mtoto akajikunjua, pingili kwa pingili, mpaka kichwa kikagusa dari. Karani akainua macho, akamwomba yule mrefu asizibe taa, akaita namba inayofuata.