Kutu Inayoogopa Giza

La, hakuwa na roho mbaya, msimsingizie. Fundi alikuwa na macho ya kutu tu. Mtu ameshinda na mageti ya chuma tangu ujana, mwonyeshe chochote cha kahawia, hata chai, atakwambia kutu.

Sasa, alijitengenezea tangi la kioo la maji ya chumvi, la samaki wa mapambo, akaliweka dirishani karibu na meza ya kulia. Samaki walikuwa bado dukani, wanangoja maji yatulie. Kujaza alimwachia shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akikaa nao. Haikupita muda, mchanga mweupe ukaota utando wa kahawia, vioo vikafuata.

"Umechota kwenye lile pipa bovu la chuma kule uani," Fundi akamwambia.

"Shemeji, pipa sikuligusa."

"Kutu naijua kuliko ninavyomjua mama mkwe!"

"Hapo kweli. Mama hujamwona tangu harusi."

Basi ikawa jicho la pembeni. Shemeji akipita karibu na tangi, Fundi anakohoa. Akinawa, Fundi anamkagua mikono. Mwisho akatamka: yeye na mwongo hawali meza moja, shemeji akiri, au Jumapili afungashe.

Mke aliposikia, aling'oa kitambaa cha meza, akakitupia juu ya tangi, kikafunika nusu.

"Ndugu yangu afukuzwe kwa ajili ya samaki ambao hata hawajafika? Sitaki kuliona dude hilo!"

Nani akiguse? Kikakaa hapohapo mpaka Jumapili, begi la shemeji liko mlangoni, harufu ya mchuzi imejaa nyumba.

"Leteni kitambaa changu!" mke akaita toka jikoni. "Hata anayefukuzwa huagwa vizuri."

Fundi akakivuta mwenyewe. Akaganda. Nusu iliyokuwa wazi, kahawia tupu. Nusu iliyofunikwa, mchanga mweupe kama unga.

Akapitisha kidole kwenye kioo. Utando ukatoka kwa mguso tu, laini, kama vumbi lililolowa. Kutu ingekwaruza.

"Kutu gani hii inaogopa giza?" akanong'ona. Akampigia muuza samaki, akamweleza.

Muuza samaki alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Huo ni mwani, Fundi, unaota penye mwanga! Tangi jipya halikosi. Mlitia maji gani?"

Fundi akamgeukia shemeji. Shemeji akakuna kisogo.

"Pipa sikuligusa, haki ya Mungu. Nilikinga bombani, nikakorogea chumvi. Yale ya kuchujwa yanauzwa mbali, shemeji, na jua lile..."

"Ya bomba ndiyo yanayoulisha," simu ikasema. "Futeni, mnyonye uchafu kwa mpira wa maji, mpunguze mwanga. Mkiongeza maji, yawe ya kuchujwa. Utaisha wenyewe."

Fundi akakata simu. Mwongo hakuwa. Mvivu, ndiyo.

"Kesho utayabeba ya kuchujwa," akasema.

"Kesho? Si naondoka leo?"

Fundi akalisukuma begi kwa mguu hadi nyuma ya mlango, akatandika kitambaa, akavuta kiti kimoja zaidi. Mke akatua sufuria, akawatazama mmoja mmoja, akapakua. Wakaketi wote. Kona moja ya kitambaa ilikuwa bado na unyevu wa chumvi. Shemeji akaweka sahani yake juu ya hapo.